Sikuupima Mto, Nikaandika Nimeupima

Leo lazima niseme, kabla moyo haujabadilika tena. Nilidanganya. Sikuiba, sikumpiga mtu, sikuchukua mume wa mtu. Nilijaza kisanduku kimoja kwenye jedwali la ripoti kwa namba ambayo sikuipima. Namba moja tu! Na namba hiyo imenimaliza.

Najua utasema, huyu naye, wenzake wanaungama mambo mazito, yeye anakuja kulia na kompyuta. Sema, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naishi Mafubira, huku Jinja. Baba yangu alikuwa sajini wa magereza, nikakulia kwenye nyumba za askari, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa mdomoni kuliko Kisoga cha majirani zangu. Kazi yangu ni kupima kompyuta. Siuzi, sichapi barua za watu. Naletewa mashine, naipa hesabu nzito za kisayansi, naiangalia prosesa yake, yaani ule ubongo unaofanya hesabu, inakwenda kasi gani na inachokea wapi. Kisha naandika ripoti: nunueni hii, acheni ile.

Wenye kazi hii huku kwetu si wengi. Nilijivuna, sikufichi. Mtu akiniita injinia, naitika haraka.

Siku moja akaja ofisini mzee kutoka Mbale. Nitamwita Afande Mafabi, ingawa silo jina lake. Zamani alikuwa mtu wa redio jeshini. Alipostaafu akapewa kusimamia kiofisi kimoja pale Malukhu, kazi yake kuangalia mito inayoshuka kutoka mlimani Elgon. Huko juu kuna vipima mvua. Vinatuma namba kwa simu, namba zinaingia kwenye kompyuta, kompyuta inakokotoa maji yatapanda kiasi gani na yatafika Namatala saa ngapi. Namatala ndiko bondeni, nyumba zimebanana, watu wake ni vibarua na wachuuzi. Wasipoambiwa mapema, wanakuta maji mlangoni.

Kompyuta yao ilikuwa imezeeka. Wafadhili walikubali kununua mpya, zikaletwa mbili za kuchagua, akatafutwa mtu wa kuzipima. Mtu huyo ndiye mimi.

Afande alikuja mwenyewe kwa basi. Alitoa mfukoni mwa shati kidiski alichokifunga kwenye plastiki, akakiweka mezani polepole kama yai.

“Wewe ni binti ya sajini?” akaniuliza. Alikuwa anamfahamu baba.

“Ndiyo, afande.”

“Basi ni binti yangu. Sikia. Humu ndani iko mto. Iko mvua ya siku tatu, ile mubaya ya zamani. Pima mashine na hii. Usipime na michezo ya kompyuta.”

“Nimeelewa, afande.”

“Mvua yote! Mwanzo mpaka mwisho. Ikikataa, piga mimi simu. Mimi najua tabia yake.”

Piga mimi simu. Jamani! Mzee alinipa dawa kabla sijaugua.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya kisasa, nyembamba, prosesa yake ina viini vingi. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Ya pili ilikuwa na sura mbaya, kubwa, viini vichache, feni yake inanguruma kama kinu cha kusaga unga wa posho. Nilipoziona tu, moyo wangu ulishachagua.

Nikaweka kidiski. Programu ya mto ikakataa kuwaka. Kila nikiiwasha inasema faili haionekani, na faili naiona kwa macho yangu! Nikahangaika siku ya kwanza. Nikahangaika siku ya pili. Siku ya tatu nilishika simu, jina la afande liko pale, kidole kiko juu yake.

Sikupiga.

Ningemwambiaje? Mzee aliyejifunza kompyuta baada ya kustaafu, nimwambie injinia ameshindwa kuwasha programu yake? Niliona aibu. Niliirudisha simu kwenye mkoba, na hapo ndipo nilipokosea. Kila usiku nikilala naiona ile simu inaingia mkobani.

Nikachukua vipimo vya kawaida, vile ambavyo kila mpimaji anavyo tayari. Vinazidisha majedwali makubwa ya namba kwa dakika kumi, basi. Ile mashine nyembamba ikaipita mwenzake mbali kabisa. Nikafurahi. Nikachukua kalamu nikakadiria: kama hapa inakwenda hivi, mto nao utachukua kama dakika ishirini. Ile mbaya nikaipa hamsini. Nikaandika kwenye safu yenye kichwa “Hesabu ya mto, mvua nzima”. Sikuandika nimekadiria. Niliandika nimepima!

Ngoja nikueleze kosa liko wapi, maana si wote mnajua mambo haya. Mfikirie mkaanga chapati mwenye mikono myepesi. Ukimwekea unga, mafuta na mayai mezani, hakuna wa kumshinda. Lakini kama kila chapati lazima atembee dukani kufuata unga, wepesi wa mikono haumsaidii, atakuwa njiani tu. Kipimo changu kilikuwa cha unga mezani. Hesabu ya mto ni ya kutembea dukani: namba ni nyingi mno, prosesa inakaa inazisubiri zitoke kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukiongeza viini, umeongeza watu wa kupanga foleni dukani. Na ile mbaya ndiyo iliyokuwa na njia pana ya kuletea namba.

Hayo niliyajua. Niliyasomea! Nilijiambia tofauti haiwezi kuwa kubwa.

Mashine nyembamba ikanunuliwa, nikaipeleka Malukhu mwenyewe. Afande alisoma ripoti yangu kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye kisanduku kile akainua uso.

“Dakika ishirini! Binti, sasa watu ya Namatala watapata saa tatu nzima ya kutoka kabla maji haijafika.”

Alinieleza kwa nini anafurahi. Yeye na watu wake walishawahi kutangaza mafuriko kwa kukisia kwa macho, mara mbili, na mara zote mbili maji hayakuja. Watu walikimbia, wakarudi wakakuta nyumba zimevunjwa na wezi. Wakamwambia ukituchezea mara ya tatu tutakupiga mawe. Tangu hapo akajiwekea amri: hatangazi mpaka hesabu imalizike. “Mashine ikisema, nasema,” alisema. “Ikinyamaza, nanyamaza.”

Jioni alinipeleka Namatala kwa dada yake, Mayi Nambozo, mjane aliyekuwa anauza malewa, yale machipukizi ya mianzi, karibu na daraja. Mama mnene, mcheshi, mikono inanukia moshi.

“Mulembe! Mulembe!” akanisalimu kwa lugha yao, akanikumbatia. “Ndiyo wewe umeleta mashine ya kutulinda? Kaa. Kula!”

Nilikula malewa yake na mchuzi wa karanga mpaka nikalegeza mshipi. Tangu siku hiyo kila nikienda Mbale sikuruhusiwa kula hotelini. Akisikia nimekuja, ananitafuta.

Mvua za kwanza zilipoanza, afande akanipigia.

“Binti, ulisema dakika ishirini. Mbona jana imechukua saa moja na nusu? Na mvua ilikuwa kidogo.”

Hiyo ilikuwa nafasi yangu. Mungu aliniwekea mlango wazi! Ningesema tu, afande, sikupima. Angekasirika, angenifukuza, tungerudisha mashine.

Nikasema: “Ni joto la chumba, afande. Wekeni feni.”

Kweli joto lilikuwepo. Mashine nyembamba ikipata moto inajipunguzia kasi isiungue. Lakini nilijua joto ni nusu tu ya habari. Mzee akatii, akaleta feni ya nyumbani kwake. Na nyumbani kwake kuna joto, na mke wake ana pumu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa Mbale, nimekuja na feni kubwa zaidi. Mjini jua lilikuwa linawaka. Lakini mlimani mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri, vipima mvua vyote vinalia. Saa tatu asubuhi afande akawasha hesabu. Tukakaa.

Dakika ishirini zikapita. Kwenye skrini hesabu haijafika hata sehemu ya kumi.

“Iko namna gani?” akauliza.

“Leo namba ni nyingi, afande. Itakimbia tu.”

Saa nne. Saa tano. Nilizima kila programu nyingine. Nikafungua madirisha. Nikaelekeza feni zote mbili kwenye mashine, nikashika ubavu wake, ulikuwa unachoma kiganja. Hakuna kitu ningeweza kufanya! Umewahi kumtazama mtu anakata roho wewe umeshika glasi ya maji tu? Ndivyo nilivyokaa. Namba kwenye skrini inasogea moja, inakaa. Inasogea moja, inakaa.

Karibu na saa sita simu ikalia. Mlinzi wa kipima mvua cha juu: mto umebeba daraja la miti.

Afande akasimama. “Binti, nitangaze?”

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapoungama hasa. Yale ya kwanza ni utangulizi. Aliniuliza, na mimi nilijua jibu. Lakini akilini mwangu likapita wazo hili: akitangaza sasa bila hesabu, baadaye watauliza kwa nini hesabu ilichelewa, wataifungua ripoti. Maji yanashuka juu ya watu, na mimi bado nailinda namba yangu!

“Imebaki kidogo, afande,” nikasema. “Subiri imalize.”

Akakaa. Aliniamini. Akakaa nusu saa nzima, ameshika kofia yake mapajani, macho kwenye skrini.

Kisha akasimama. “Basi,” akasema, akachukua simu akaanza kuwapigia watu wake wa vipaza sauti, msikitini, kanisani, sokoni. “Toeni watu! Toeni watu sasa hivi!”

Maji yalifika Namatala vipaza sauti vikiwa bado vinasema.

Mayi Nambozo alisikia tangazo. Jirani yake aliyepona alinisimulia. Wenzake walikimbia, yeye akabaki anapanga vikapu vyake vya malewa. Wakamwita. Akawajibu, “Msinikimbize, kaka yangu akitangaza tuna saa tatu.”

Saa tatu! Aliyapata wapi maneno hayo kama si kwangu?

Walimpata kesho yake kwenye mashamba ya mpunga. Hakuwa peke yake, lakini wale wengine siwezi kuwaandika, sina haki hata ya kutaja majina yao.

Na mashine? Ilimaliza saa tisa alasiri. Afande ameshakwenda bondeni, nilikuwa peke yangu chumbani. Ikaandika kimo cha maji na saa ya kufika. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Nililisoma, nikakaa chini sakafuni.

Baada ya mazishi iliundwa kamati. Wakauliza kwa nini tangazo lilichelewa. Mimi niko benchi la nyuma, afande akasimama, amevaa koti lake la sherehe.

“Mimi ndiyo mwenye amri,” akasema. “Mimi nilichelewa.”

Wakanigeukia mimi: injinia, mashine ilikuwa na hitilafu? Nikasema hapana. Ni kweli, haikuwa na hitilafu! Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Afande akaondolewa kazini akiwa na msiba wa dada yake. Watu wa Namatala waliokuwa wanamwita mlinzi wakawa wanavuka barabara wakimwona. Na mimi nikapanda gari nikarudi Jinja.

Sikuweza kutulia. Ile mashine mbaya tuliyoikataa ilikuwa imechukuliwa na ofisi moja hapa mjini, wanachapia barua na kadi za harusi. Nikawaomba wanipe Jumapili moja. Kabla ya siku hiyo nilikesha na ile programu wiki nzima kwenye kompyuta yangu, nikagundua inataka faili iandikwe jina lake upya. Ikawaka. Nikaipa mvua yote ya kidiski, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyoagizwa. Nikaenda kununua chakula. Niliporudi nikafungua kifurushi, kabla sijamaliza kula ikawa imemaliza.

Kifurushi nikakifunga tena.

Kesho yake nikaenda Mbale, nyumbani kwa mzee. Afande alikuwa ukumbini, redio imezimwa. Nilipiga magoti, nikamwambia yote. Simu niliyoirudisha mkobani, namba ya kubuni, feni, na ile “imebaki kidogo”. Sikuficha hata moja.

Aliisogeza redio pembeni.

“Ilikataa namna gani?” akauliza.

“Ilisema faili haionekani, afande.”

“Inataka herufi ndogo,” akasema. “Jina ya faili. Inakataa herufi kubwa. Ningekuambia kwa simu. Dakika moja.”

Nikalia. Yeye hakulia.

“Sasa maneno haya,” akasema, “mimi nipeleke wapi? Kwa nani?”

“Sijui, afande.”

“Hata mimi hapana jua.”

Mke wake akaleta chai, nikainywa, kwa sababu kukataa ingekuwa tusi juu ya tusi. Kisha afande akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka gari likaja. Hakunilaani. Laiti angenilaani! Ningekuwa na kitu cha kubeba.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Wapi! Nilikwenda kwa bosi wangu nikamwambia ripoti ile ni ya uongo, tuifute. Akafunga mlango.

“Ile ripoti imeshafungwa,” akasema. “Ukiifungua, unafungua kesi. Utaifunga wewe?”

“Lakini si kweli, bwana.”

“Na wale walionunua nikawaambie nini?”

Ndipo nikajua. Jedwali langu lilikuwa limesafiri. Sehemu nyingine mbili, nazo ziko chini ya milima, zimenunua mashine ileile kwa sababu ya dakika zangu ishirini. Wamenakili ukurasa ule bila kubadili hata nukta.

Nimewaandikia barua. Nimewapigia. Wa kwanza, dada wa mapokezi alisema watanirudia, huu ni mwezi wa nne nasubiri. Wa pili nilimpata msimamizi mwenyewe, nikamweleza mpaka sauti ikakauka. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema, “Injinia, usijali, mashine inafanya kazi vizuri sana. Huku bado ni kiangazi.”

Nifanye nini? Niende nikang'oe waya za ofisi za watu? Kila asubuhi nikiamka nafungua simu kuangalia hali ya hewa ya sehemu mbili ambazo sijawahi kuzikanyaga. Leo wameandika jua. Nimeacha kazi ya kupima, sasa nafundisha watoto wa shule kutumia kibodi. Mwalimu mkuu ananisifu nina subira.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, nakusihi kwa jina la mama yako. Usiisifu prosesa kwa hesabu nyepesi halafu ukaipa kazi ya kubeba roho za watu. Ipime kwa kazi ileile itakayoifanya, kwa saa zilezile, kwenye chumba kilekile cha joto. Ukishindwa, andika nimeshindwa. Ukiona aibu, ona aibu, haiui! Na ukiulizwa na mtu anayekuamini, mjibu kwanza, heshima yako utaitafuta baadaye.

Na wewe msimamizi uliyenunua mashine nyembamba kwa ripoti iliyotoka Jinja, ukurasa ule wenye dakika ishirini. Ni mimi niliyeiandika. Tafadhali, leo hii kabla mawingu hayajakusanyika, ipe mvua nzima, ukae nayo mpaka imalize. Usinipigie kunishukuru wala kunitukana. Ipime tu!